Muuguzi wa Milima ya Litembo na Kazi Isiyo na Jina

Katika vijiji vinavyoizunguka Litembo, wilayani Mbinga, watu wa aina mbili huitwa "daktari". Wa kwanza ni mimi, kila nifikapo huko kwa shughuli za utafiti, kwa sababu barua ya utambulisho ninayomkabidhi mtendaji wa kijiji ina herufi mbili mbele ya jina langu. Wa pili ni muuguzi wa zahanati. Herufi zangu nilipewa na chuo kikuu kwa kuandika tasnifu kuhusu sera za huduma za jamii, na mtoto akishikwa na degedege mbele yangu sina la kufanya zaidi ya kupiga ukelele. Yeye jina hilo amepewa na wagonjwa, kwa kuwa ndiye anayewatibu. Hata hivyo, hati yake ya mshahara inamtambulisha kuwa Muuguzi Daraja la II, na hakuna mahali popote katika hati hiyo panaposema kwamba mwanamke huyu anapima, anabaini ugonjwa, anaamua dawa na anaamua nani apelekwe hospitali na nani arudi nyumbani.

Yapo mataifa yaliyoipa kazi hiyo jina. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya kumwezesha muuguzi kufanya kwa idhini kamili mambo ambayo wauguzi wa maeneo yasiyo na madaktari walikuwa wakiyafanya kimyakimya. Botswana, taifa la Afrika lenye vijiji vilivyotawanyika kama vyetu, ilianza kuwafundisha wauguzi wa aina hiyo mwaka 1981. Sisi hatuna jina. Tuna muuguzi, mkunga, tabibu na daktari. Anayevuka kutoka neno la kwanza kwenda la tatu havuki kwa leseni, anavuka kwa sababu foleni ipo mlangoni. Wanafunzi wangu wamewahi kupendekeza "muuguzi tabibu". Sina ugomvi nalo, ingawa neno peke yake halitamsaidia mtu.

Litembo yenyewe iko juu ya milima ya Umatengo, magharibi ya mji wa Mbinga, kabla ardhi haijaanza kuteremka kuelekea Ziwa Nyasa. Wanahistoria wanaikumbuka kwa mapambano ya Wamatengo dhidi ya Wajerumani mwaka 1902. Wataalamu wa kilimo wanaifahamu Umatengo kwa ngoro, yale mashimo yanayopangwa kwenye miteremko mikali ili mvua isiondoke na udongo. Wagonjwa wanaijua Litembo kwa hospitali ya misheni, ambayo kwa miaka mingi imekuwa tegemeo la watu wa milimani na hata wa mwambao wa ziwa. Lakini hospitali ni moja, na milima ni mingi. Kati ya nyumba ya mgonjwa na wodi ya Litembo kuna zahanati, na ndani ya zahanati, mara nyingi zaidi kuliko ikama inavyotaka, kuna muuguzi mmoja.

Mwezi Machi, wakati wa mvua, niliomba ruhusa ya kukaa siku nzima katika mojawapo ya zahanati hizo. Sitaitaja, wala sitamtaja mwenyeji wangu, kwa sababu nitakazozieleza hapa baadaye. Tabibu wa kituo alikuwa masomoni kwa mwaka wa pili. Mhudumu wa afya alikuwapo, mama mmoja mwenye bidii, naye kazi yake ni usafi na kumbukumbu ndogondogo. Mengine yote yalikuwa ya muuguzi, pamoja na cheo cha kukaimu umganga mfawidhi, ambacho kinaleta vikao vingi na, kwa maelezo yake, hakijaleta senti.

Siku yake haianzi na mgonjwa. Inaanza na jokofu la chanjo. Kabla hajafungua dirisha anasoma kipimajoto na kuandika nyuzi: zisishuke chini ya 2, zisipande juu ya 8. Jioni atarudia. Atarudia Jumapili, atarudia Krismasi. Nilimwuliza akisafiri inakuwaje. Akanijibu, "Mwalimu, hilo jokofu ndilo linaloamua kama nasafiri."

Saa mbili mabenchi yalikuwa yamejaa. Siku ile ilikuwa ya kliniki ya wajawazito, lakini magonjwa hayasomi ratiba, kwa hiyo mabenchi yalikuwa na foleni mbili zilizochanganyika. Kila mjamzito alipimwa uzito, shinikizo la damu na wingi wa damu. Aliyefika kwa mara ya kwanza alipimwa na maambukizi ya virusi vya Ukimwi na kaswende. Wote walipapaswa tumbo, na muuguzi akainama na kile chombo chenye umbo la tarumbeta ndogo kusikiliza moyo wa mtoto. Dawa ya kuzuia malaria humezwa mbele yake, hapohapo. Kisha kadi namba 4 inaandikwa, na yaliyoandikwa kwenye kadi yanaandikwa tena katika daftari la MTUHA namba 6. Nilikuwa nimesoma makala kadhaa kuhusu mzigo wa takwimu katika vituo vya afya. Kuona mkono wa mtu ukiandika jambo lilelile mara mbili, huku watu zaidi ya 30 wakimtazama, ni elimu nyingine.

Katikati ya kliniki aliingia mama mwenye mtoto wa miezi tisa, waliokuwa wamerudi jana yake kutoka kwa ndugu huko ziwani. Mtoto alikuwa na homa na kikohozi. Wote tuliokuwa chumbani, mimi nikiwamo, tulisema malaria, maana anayepanda kutoka mwambao na homa husemwa ana malaria. Muuguzi alichukua kipimo cha haraka, akatoa tone la damu, akakiweka pembeni kisubiri. Kisha akamwomba mama ainue shati la mtoto, akatazama kifua, akaangalia saa yake ya mkononi na kuanza kuhesabu pumzi.

Dakika moja ni ndefu sana katika chumba ambacho watu wanagonga mlango. Hakuikatisha. Pumzi 58. Kwa mtoto wa umri ule, kuanzia 50 kwenda juu ni dalili ya nimonia. Kipimo cha malaria kikaonyesha hakuna malaria. Akamwuliza mama maswali manne: ananyonya? anatapika kila kitu? ameshikwa na degedege? analegea au usingizi hauamshiki? Akatazama tena kama mbavu zinaingia ndani mtoto avutapo pumzi. Haziingii. Akatoa amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, akamwonyesha mama namna ya kuvitayarisha, akamtaka arudie kuonyesha, akamweleza dalili ambazo akiziona asingoje kesho. Mama akashukuru na kutoka.

Hesabu nami kilichofanyika pale. Alichukua historia ya ugonjwa, alipima, alikataa uchunguzi wa wote tuliokuwa chumbani, alibaini ugonjwa, aliamua tiba, alitoa dawa, na alipanga ufuatiliaji. Katika hospitali kubwa ya mjini kazi hizo zimegawanywa kwa watu wanne katika vyumba vinne, na mgonjwa hukutana na dirisha la malipo njiani. Pale zilifanywa na mtu mmoja ambaye, kwa muundo wa utumishi, ni msaidizi wa mtu asiyekuwapo.

Mchana uliletwa na pikipiki. Mama mwenye mimba ya kwanza, uchungu ulikuwa umeanza usiku. Kliniki ikasimama, benchi likaguna, wengine wakaondoka. Kuanzia hapo muuguzi alikuwa mkunga. Alijaza patografu, ile karatasi ambayo njia ya uzazi, mapigo ya moyo wa mtoto na nguvu ya uchungu huchorwa kwa saa, yenye mstari wa tahadhari na, mbele yake, mstari wa kuchukua hatua. Kati ya kipimo kimoja na kingine alifunga vidonda viwili na kuchoma sindano za uzazi wa mpango. Saa kumi jioni mchoro ulikuwa umevuka mstari wa tahadhari. Kichwa cha mtoto hakikuwa kimeshuka. Akapiga 115, namba ya mfumo wa m-mama, unaotafuta gari la wagonjwa na, likikosekana, dereva wa kijamii wa kumpeleka mzazi.

Mfumo huu nausifu bila kigugumizi. Umetatua tatizo ambalo kwa miaka mingi lilizungumzwa kwenye warsha tu. Lakini gari linapofika, linaleta swali ambalo mfumo haukuliuliza. Muuguzi akipanda, zahanati inafungwa, na anayekuja na homa usiku huo atakuta kufuli. Asipopanda, mama mwenye uchungu uliokwama atapita barabara ya matope akiwa na mama mkwe na dereva. Alisimama mlangoni kwa muda ambao sidhani ulizidi nusu dakika, akamkabidhi mhudumu funguo, akabeba kisanduku chenye oksitosini na vifaa vya kuzalishia, akapanda. Alirudi saa tatu na nusu usiku. Mama alifanyiwa upasuaji, yeye na mtoto walikuwa salama. Muuguzi akasoma kipimajoto cha jokofu, akaketi kwenye taa na kuanza kujaza madaftari ya siku.

Sasa nije kwenye sheria, kwa kuwa wasomaji wangu wengi ni watumishi wa umma na wanajua kwamba nchi haiendeshwi kwa huruma. Tunayo Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na Baraza linalosimamia usajili, leseni na nidhamu. Tunayo miongozo ya tiba. Mwaka 2016 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kugawana majukumu kati ya kada, ulioruhusu baadhi ya kazi kushuka kwa kada zilizo karibu na mwananchi. Mtu wa Wizara anaweza kuniambia, na huwa wananiambia, kwamba kwa hiyo muuguzi yule yuko ndani ya taratibu.

Yuko ndani ya taratibu mpaka siku mtoto atakapofariki. Mwongozo unaruhusu kazi, hauundi kada. Haumpi mtu cheo kinacholingana na uamuzi anaoufanya, haumpi mtaala maalumu aliofaulu na kuthibitishiwa, haumpi mshahara wa uamuzi huo, na siku ya maswali haumpi kinga iliyoandikwa kwa jina lake. Siku hiyo kinachosomwa ni hati ya cheo: wewe ni muuguzi, nani alikuruhusu? Tumeziona ziara za viongozi zinazofuatwa na kamera, ambapo mtumishi wa afya anasimamishwa kazi mbele ya umati kabla hata ya kuulizwa alikuwa zamu na nani. Watazamaji hupiga makofi. Nami naelewa kwa nini wanapiga, wamezika. Lakini hakuna katika ule umati anayeuliza tabibu wa kituo yuko wapi na kwa nini nafasi yake haina mtu. Ndiyo maana sikumtaja mwenyeji wangu.

Ipo hoja dhidi yangu ninayoiheshimu, na ipo nisiyoiheshimu. Nisiyoiheshimu ni ile ya hadhi, kwamba muuguzi akipewa mamlaka ya kutibu, udaktari utashuka thamani. Nchi hii ilikwisha kuijibu. Tangu mwaka 1963 tulianza kufundisha madaktari wasaidizi, watu wasio na shahada ya udaktari, na kwa miongo kadhaa wao ndio waliokuwa wakifanya upasuaji wa uzazi wilayani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu hospitali za Mwanza na Kigoma ulikuta kwamba sehemu kubwa ya upasuaji huo ilikuwa mikononi mwao, na matokeo yao kwa mama na mtoto hayakutofautiana kwa maana na ya madaktari wenye shahada. Hakuna udaktari ulioporomoka. Waliopona walipona.

Hoja ninayoiheshimu ni nyingine. Inasema: ukimpa muuguzi jina na mamlaka, umeipa Serikali kisingizio cha kutoajiri tabibu na daktari vijijini kwa karne nyingine, mjini watatibiwa na bingwa, Umatengo watatibiwa na mbadala. Mwanafunzi wangu mmoja aliisema hoja hii darasani vizuri kuliko ninavyoweza kuiandika. Ni kweli kwamba Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na kwamba kuta zilipanda haraka kuliko watu wa kufanya kazi ndani yake. Ni kweli pia kwamba ukaguzi wa vyeti wa mwaka 2017, uliowaondoa kazini watumishi 9,932, uliacha mapengo katika vituo vya afya pia. Na ni aibu isiyohitaji takwimu kwamba leo vijana waliohitimu uuguzi na utabibu wanauza vocha mitaani, au wanajitolea kwa posho ya nauli, wakati zahanati zina mtu mmoja.

Hata hivyo, hoja hiyo inadhani kwamba tunachagua kati ya muuguzi na daktari. Katika zahanati niliyokaa, uchaguzi ulikwisha kufanyika, haukutangazwa, na aliyefaidika na ukimya huo ni mwajiri. Kazi isiyo na jina ni rahisi. Haina muundo wa mshahara, haina chama kinachoidai, haiingii kwenye bajeti. Mbadala upo tayari. Kinachokosekana ni bei yake halali. Naamini, na hapa tunaweza kutofautiana, kwamba Serikali itaona haraka zaidi umuhimu wa kumwajiri tabibu siku itakapolazimika kumlipa muuguzi kwa kazi ya tabibu.

Tukumbuke pia nini kimepatikana. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya wajawazito 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Wataalamu wa takwimu wana tahadhari zao kuhusu makadirio ya namna hii, nami nazizingatia, lakini mwelekeo hauna ubishi, na Serikali imeutangaza kwa fahari kila jukwaa. Inastahili. Ila namba hiyo haikushuka Dodoma. Ilishuka katika vyumba ambamo mtu alihesabu pumzi kwa dakika nzima, akachora patografu, akaamua saa kumi jioni badala ya saa nne usiku.

Ninachokidai si kikubwa. Baraza na Wizara waainishe kada ya muuguzi aliyefuzu kutibu katika ngazi ya msingi: magonjwa yapi, dawa zipi, mpaka wapi, na chini ya usimamizi wa nani. Mafunzo yake yasiwe semina ya siku tano yenye chai na cheti cha mahudhurio. Yawe mwaka kamili, unaotolewa karibu na mazingira ya kazi. Peramiho wana chuo cha uuguzi na hospitali ya rufaa kwa pamoja, na sioni kwa nini muuguzi wa Mbinga apelekwe Dar es Salaam kujifunza jinsi ya kutibu watu wa Mbinga. Muundo wa utumishi ufuate. Na hakuna kituo kitakachosajiliwa kutoa huduma hizo kikiwa na mtu mmoja, kwa sababu lile swali la mlangoni, kupanda gari au kubaki, halitatuliwi na cheo chochote. Linatatuliwa na mtu wa pili.

Posho ya kuitwa kazini usiku, ambayo nilipoiulizia nilijibiwa kwa kicheko, naiacha kwa chama cha wafanyakazi.

Wapo watakaosema rasimu ya kanuni kama hizi itahitaji washauri na ziara za kujifunza nchi za nje. Ya Botswana yanapatikana, yasomwe. Zaidi ya hapo kinachohitajika ni meza yenye wanasheria wawili, madaktari wawili na muuguzi mmoja anayefanya kazi peke yake zahanati, akieleza alichokifanya juzi Jumanne tangu asubuhi. Ili muuguzi huyo afike Dodoma kwa siku tatu, itabidi kwanza apatikane mtu wa kusoma kipimajoto cha jokofu.